Na Ukiongeza Moja?

Lugha yetu ya programu ilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kuishi. Sarufi tayari, kompaila (kitafsiri cha programu) tayari, nembo tayari (nembo ndiyo iliyotangulia, kama kawaida ya miradi ya programu huria). Kilichobaki ni mashine pepe ya kuendeshea programu zake. Mwenzetu mmoja alipendekeza tujenge yetu wenyewe. Tukamsikiliza kwa adabu, kisha tukamuuliza nani ataandika kizoa taka cha kumbukumbu, kile kinachofuta data isiyotumika tena, na nani atageuza msimbo kuwa lugha ya prosesa huku programu inakimbia. Akasema ana mgeni mlangoni, akakata simu.

Basi tukaamua kupanga kwenye mashine za watu. Mpangaji ana raha yake, paa hakuezeka yeye. Ila hachagui mlango ufungukie upande gani.

Tulianza kwa kuiondoa kwenye orodha mashine pepe iitwayo Parrot. Hii ilianza kama mzaha wa Siku ya Wajinga, Aprili 2001, ule uliodai kwamba Perl na Python zinaungana kuwa lugha moja. Baadaye watu wakatengeneza mashine ya kweli, wakaipa jina la mzaha, na toleo la 1.0 likatoka 2009. Ilikusudiwa iwe makao ya lugha nyingi, lakini hata Perl 6 yenyewe ikaishia kuhamia mashine nyingine, MoarVM. Tulikaa kimya kidogo kwa heshima, tukaendelea.

Ushindi wa kwanza aliupata kijana tuliyembandika jina la Bwana Spidi. Huyu hakuwa na hoja, alikuwa na chati. Katika kila chati LuaJIT, mashine ya kuendeshea lugha ya Lua, iko mbele na wengine wanahema nyuma. Nami sikuwa na ubishi. Lua, iliyoundwa Brazil mwaka 1993, ni ndogo na nyepesi, unaipachika ndani ya programu nyingine bila purukushani. LuaJIT inafuata kanuni za Lua 5.1, ambako namba za kawaida ni za aina moja tu, desimali zenye usahihi wa biti 53, yaani namba ikiwa kubwa mno, tarakimu za mwisho huanza kupotea. Namba kamili zinazojitegemea ziliingia Lua 5.3, mwaka 2015. Yote haya yako kwenye nyaraka, hayakufichwa. Bwana Spidi alisema nyaraka ni za watu wenye mashine za polepole.

Siku ya demo mimi ndiye nilikuwa usukani. Simu ya video ilijaa watu, wengine hata hatuwafahamu. Nikaonyesha hiki na kile, emoji za makofi zikapanda. Ndipo dada wa majaribio akawasha maikrofoni. Huyu dada ana sauti ya upole sana. Laiti angekuwa mkali, tungejiandaa.

"Samahani kaka, inaziweza namba kubwa?"

"Bila shaka, dada."

Akanitumia 9007199254740992. Nikaibandika, ikatoka vilevile, tarakimu zote 16. Hapo nikavimba kichwa. Lua 5.1 ikiachwa ichapishe kwa mazoea yake ingeonyesha 9.007199254741e+15, lakini sisi tulikuwa tumekesha tukiandika kichapishi chetu kinachotoa mpaka tarakimu ya mwisho, ili mambo yaonekane wazi.

"Ahsante. Na ukiongeza moja?"

Nikaongeza moja. 9007199254740992.

"Nadhani hujabonyeza, kaka."

Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, maana binadamu huamini kompyuta husikia vizuri ikigongwa. Namba ileile. Akaniomba niiweke kwenye mzunguko, ianzie nyuma kidogo, iongeze moja moja, isimame ikifika 9007199254740995. Ikaanza kwa madaha, ikaja inayoishia na 990, ikaja 991, ikaja 992, ikaja 992, ikaja 992. Skrini ikajaa 992 kutoka juu hadi chini, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma, na mimi mbele ya halaiki natafuta jinsi ya kusimamisha kitu ambacho tayari kimesimama.

Bwana Spidi akaokoa jahazi: "Lakini oneni kasi yake!"

Ni kweli. Sijawahi kuona kitu kikibaki palepale kwa kasi ile.

Zamu ikawa ya Mzee, ambaye amekula chumvi na Java tangu lugha hiyo ilipotoka miaka ya 1990. Hakutusimanga, alisema tu "wanangu" kwa namna ambayo ilitosha. JVM, mashine pepe ya Java, ina namba kamili za kweli za biti 64, akasema, na lugha za Scala, Clojure na Kotlin zote zinakaa humo kwa amani. Tukahama. Siku za kuhama ziacheni tu. Kompaila yetu ilikuwa inamimina faili zima ndani ya metodi moja (kipande cha programu chenye jina lake), na JVM haikubali metodi ya zaidi ya kilobaiti 64, kwa hiyo mtumiaji mwenye jedwali refu la data alikuwa anaambiwa msimbo wake umezidi ukubwa. Tukakatakata vipande. Fanksheni zinazojiita zenyewe bila kikomo nazo zikafurisha rundo la miito inayosubiri majibu, tukaziwekea viraka. Nafupisha kwa sababu kuna watu bado wananidai maelezo.

Demo ikafika. 9007199254740992, ongeza moja, 9007199254740993. Makofi! Mzee akaegemea kiti.

"Hongera sana kaka," akasema dada. "Basi jaribu 9223372036854775807."

Mzee akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayejua kinachokuja na hana njia ya kukizuia.

"Na ukiongeza moja?"

-9223372036854775808.

Kimya kikatanda, hadi sauti ya mtu tusiyemjua ikauliza: "Sasa hapo tunadaiwa?"

Mzee akaeleza kwa utaratibu kwamba ndivyo namba ya aina hiyo inavyofanya ikijaa: inazungukia upande wa hasi bila kumshtua mtu. Ukitaka ishtue, kuna Math.addExact. Ukitaka namba isiyo na kikomo, kuna BigInteger, ila utailipia kwa kasi. Bwana Spidi aliposikia hilo neno la mwisho alijitoa kwenye simu.

Akabaki mmoja tuliyemwita Bubu, maana tangu mwanzo alikuwa ameandika neno moja tu kwenye gumzo: BEAM. Hiyo ni mashine ya Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu na kufunguliwa kwa umma mwaka 1998. Watu wa Erlang hawana presha. Programu ikianguka wanasema iacheni ianguke, msimamizi wake ataiamsha. Na namba kamili ikizidi nafasi yake ya kawaida, BEAM yenyewe huhamia kwenye hesabu za namba kubwa bila kuombwa. Bubu akajitolea kuandika kifasiri cha kugeuza lugha yetu kuwa Erlang, akakiandika haraka mno.

Demo tena. 9223372036854775807, ongeza moja, 9223372036854775808. Safi, chanya, hakuna deni.

"Nimefurahi kweli," akasema dada. "Sasa ihifadhi. Andika n = n + 1."

Kwenye Erlang kigeu kikishapewa thamani hakibadiliki, na hapo alama ya = haihifadhi tena bali inalinganisha pande mbili. Kifasiri cha haraka kilikuwa kimeiandika N = N + 1 bila kubadilisha kingine. Programu ikaanguka, na ujumbe mwekundu ukasema thamani ya upande wa kulia, 9223372036854775808, hailingani.

Kwa mara ya kwanza tukasikia sauti ya Bubu: "Jibu ni sahihi."

"Liko wapi, kaka?"

"Ndani ya kosa."

Dada akasogeza uso karibu na kamera, akazisoma tarakimu moja moja, akafika 19. Kisha akaandika kwenye fomu yake, huku anatusomea: "Kujumlisha, imepita. Kukumbuka, bado."

Tumebaki BEAM. Bubu alirekebisha kifasiri, sasa kila n mpya inapewa jina lake, N1, N2, N3, na hakuna tena anayegombana na mwenye nyumba. Juzi Bwana Spidi alirudi na chati nyingine, ya WebAssembly, mashine pepe ya kwenye vivinjari. Dada amemjibu kwa swali moja fupi, na tangu hapo kijana hajaonekana.