Saini ya Marehemu Yahitaji Kitambulisho

Leonidas Christakis, mchoraji, mwandishi na mchapishaji wa Athens aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2009, hakuwa mwandishi wa kuwekwa kwenye kabati la kioo. Alitoa jarida la Kouros mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wanajeshi walioipindua serikali Aprili 1967 walikuwa bado wameikalia Ugiriki, na baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, akatoa Ideodromio, jarida lililomfanya atajwe na Wagiriki wengi kuwa miongoni mwa wazee wa uandishi wa chini kwa chini, yaani uandishi usiopitia kwa wachapishaji wakubwa wala kungoja idhini ya wakubwa wengine wowote. Majarida ya namna hiyo yalichapwa kwa karatasi duni, yakabanwa kwa pini zilizoota kutu, yakapitishwa mkono kwa mkono kwa watu ambao baada ya kuyasoma waliyatumia kufungia samaki. Kwa hiyo nakala iliyosalimika ni jambo la kushukuru, na nakala yenye saini ya mwenyewe ni jambo la kukosana na ndugu.

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Kypseli, mtaa wa Athens ambao ukisimama kituo cha basi jioni unaweza kusikia Kiswahili kabla hujasikia Kigiriki, na kazi yangu ni kupanga vitabu vikuukuu katika ghala la chini ya ardhi la mzee mmoja wa Kigiriki, si mbali na Mtaa wa Asklipiou. Humo ndimo nilimoambukizwa maradhi haya. Nilianza kwa kutamani vitabu vya Katerina Gogou, mwigizaji aliyegeuka mshairi wa Exarcheia, mtaa wa Athens unaojulikana kwa waasi na wapinga serikali, na ambaye kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1978, lakini nikaambiwa bei ya nakala yenye saini yake nikakaa chini. Nikatamani kaseti ambazo mwimbaji Nikolas Asimos alizirekodi na kuziuza mwenyewe mitaani bila kampuni wala leseni, nikakuta kwamba hizo nazo zina matajiri wake. Christakis ndiye aliyelingana na mshahara wangu. Kila Jumapili nilikwenda Monastiraki, kwenye meza za vitabu vya mtumba na pale Uwanja wa Avissynias, ambao umepewa jina la Uhabeshi na ambao kwa sababu hiyo nimekuwa nikidai kwamba Mwafrika anastahili kupunguziwa bei, dai ambalo wauzaji wamelisikiliza kwa adabu na kulikataa.

Hatimaye nikampata mzee mmoja aliyekuwa akihama nyumba, akaniuzia bahasha yenye vipeperushi, barua moja isiyo na mwisho, na toleo la Ideodromio ambalo ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na saini kubwa ya wino wa buluu iliyoanzia pembeni na kuishia karibu na katikati, kana kwamba mwenye kalamu alikuwa ndani ya basi. Mzee akaapa kwamba alikuwepo ikitiwa.

Habari za saini hiyo zikamfikia mkusanyaji mmoja wa Thessaloniki, mtu mwenye Kouros mbili na mashaka mengi. Akanipigia simu akasema yuko tayari kunipa Kouros moja badala ya Ideodromio yangu, kwa sharti kwamba nimpelekee uthibitisho wa saini. Nilipomuuliza bosi wangu ni nani anayethibitisha saini za mwandishi kama huyu, alinijibu kwamba kwa washairi waliopata Tuzo ya Nobel, kama Seferis na Elytis, wapo wataalamu wa kulipwa, lakini kwa watu wa Exarcheia uthibitisho pekee ni doa la kahawa, na kwamba nakala isiyo na doa la kahawa yeye huitilia shaka palepale.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo alipojitokeza Mjomba.

Mjomba si mjomba wa damu. Ni baharia aliyeshukia Piraeus zamani, meli ikaondoka, yeye akabaki, na tangu wakati huo amekuwa mshauri wa kila Mtanzania mwenye shida ya karatasi katika mji huu. Alinisikiliza huku akimenya chungwa, kisha akasema, "Mpwa wangu, nchi hii saini inathibitishwa kila siku, bure, kwenye ofisi ya huduma kwa wananchi. Unachukua namba, unakaa, unaitwa, muhuri unagongwa. Huyo wa Thessaloniki anataka muhuri, mpe muhuri."

Ni lazima nieleze hapa, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaishi Ugiriki, kwamba Mjomba hakuwa akitania. Huduma ya kuthibitisha uhalali wa saini ipo, na kwa miaka mingi, kabla ya mambo kuanza kuhamia mtandaoni, bila hiyo hukuweza kumtuma mtu akuchukulie cheti wala kuuza pikipiki. Sambamba nayo iko karatasi nyingine inayopendwa zaidi, tamko chini ya Sheria Na. 1599 ya mwaka 1986, fomu ya ukurasa mmoja ambamo raia au mgeni anatamka jambo lolote chini ya jua, kwamba hajaoa, kwamba amepoteza kadi, kwamba ng'ombe aliotaja ni wake, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, sheria inamkumbusha kifungo kinachomsubiri akisema uongo. Nchi nzima inaendeshwa na karatasi hiyo. Sioni kwa nini biashara ya majarida ya watu wasiotambua serikali isiendeshwe nayo pia.

Tukaenda. Mjomba alivaa koti lake la kwendea ofisini, lenye kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna hata moja inayoandika. Tukachukua namba, tukakaa hadi nikazijua habari za familia zote za watu waliotutangulia, na namba yetu ilipowaka nikaliweka jarida mbele ya karani kwa mikono miwili, nikamweleza kwa Kigiriki nilichokuwa nimekifanyia mazoezi njiani kwamba naomba saini hii ithibitishwe.

"Mwenye saini yuko wapi?" aliuliza.

"Amefariki, mama. Mwaka 2009."

"Lazima aje mwenyewe, na kitambulisho."

Nikarudia kwamba amefariki. Yeye, bila hasira, akanieleza kwamba kanuni haibagui: saini hutiwa mbele ya ofisa, na kama mwenyewe hawezi kutembea, upo utaratibu wa ofisa kumfuata nyumbani au hospitali. Akachukua kalamu ili aandike anwani. Wakati natafuta namna ya kumtajia makaburi, Mjomba aliinama dirishani na kwa Kigiriki chake cha bandarini, ambacho hakina sarufi lakini hakijawahi kukosa kueleweka, akasema kwamba basi kijana atatoa tamko la 1599 kuhusu saini ya marehemu, halafu ofisi ithibitishe saini ya kijana kwenye tamko. Karani alimtazama kwa heshima ambayo sijawahi kuonyeshwa na karani yeyote, akatoa fomu.

Nikaandika kwa uangalifu, nikiwa na kile kifungo cha chini mbele ya macho yangu, kwamba nilinunua jarida hili kwa mtu aliyeniambia kuwa alishuhudia saini ikitiwa. Mjomba alitaka niandike tu kwamba saini ni halali na tuondoke. Nikakataa, kwa kuwa yeye hatafungwa. Nikatia saini yangu mbele ya karani, naye akakagua kibali changu cha ukaazi, akaridhika, na kabla sijajua kinachoendelea akachukua stepla, akalikutanisha tamko na ukurasa wa kwanza wa Ideodromio, akabana.

Sauti iliyonitoka haikuwa ya Kigiriki wala ya Kiswahili.

"Kiambatisho lazima kiambatane," alisema, na papo hapo simu yake ikalia, akaipokea, na kwa mkono wa pili akausukuma mzigo wote kwa mwenzake wa dirisha la jirani akimwambia kwa midomo tu athibitishe saini. Mwenzake huyo hakuwa amesikia neno lolote kuhusu marehemu. Alichokiona ni karatasi mbili zilizobanwa pamoja, moja ikiwa na saini yangu, ambayo ni ndogo na yenye woga, na nyingine ikiwa na saini ya wino wa buluu inayoonekana kutoka mlangoni. Akachagua ile inayoonekana. Muhuri wa mstatili ukashuka, ukafuatiwa na ule wa duara wenye nembo ya Jamhuri ya Ugiriki, kisha akaandika kwa mkono, kwa mwandiko mzuri sana, jina langu kamili, jina la baba yangu na namba ya kibali changu, na tarehe.

Kwa maandishi hayo serikali ilikuwa imethibitisha kwamba mimi, niliyezaliwa Tanga baada ya jarida lile kuchapwa, ndiye niliyelitia saini, asubuhi ile, mbele ya ofisa.

Mjomba alisoma, akasoma tena, akaninong'oneza kwamba kama kuna haki zozote za mwandishi ambazo hazijalipwa, sasa ninaweza kuzidai. Mimi nilikuwa nimeshika dirisha kwa mikono miwili nikiomba muhuri utolewe. Muhuri hautoki, nikaelezwa. Muhuri hufutwa kwa muhuri mwingine. Akaitwa mkuu wa ofisi, bwana mnene aliyevaa miwani ya kamba, akasikiliza pande zote, akasema kosa limeeleweka na litarekebishwa kisheria. Akafungua mtoto wa meza, akatoa muhuri ulioandikwa BATILI kwa herufi nene, akaupulizia pumzi, na akaugonga kimshazari, kwa nguvu za mtu anayependa kazi yake, katikati ya saini ya Leonidas Christakis.

Halafu, kwa kuwa kila kinachobatilishwa lazima kionekane kimebatilishwa na nani, naye akatia saini pembeni. Karani wa pili akatia yake. Karani wa kwanza, alipomaliza simu, akatia yake kwenye tamko, mahali palipostahili tangu mwanzo, akagonga mihuri mipya na kuandika chini ya jarida "ukurasa wa 2 kati ya 2", ingawa jarida lenyewe lina kurasa nyingi. Wakati wino ukikauka mkuu alianza kusoma makala iliyokuwa juu, akavua miwani, akavaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninayo matoleo mengine, maana enzi hizo alikuwa mwanafunzi. Akaomba kutoa nakala ya ukurasa ule kwa matumizi yake binafsi, na alipokwisha kuitoa, mkono wake, kwa mazoea tu, ukaigonga nakala hiyo muhuri wa kwamba ni nakala halisi.

"Huduma hii ni ya bure," akaniambia akinirudishia.

Bosi wangu aliutazama ukurasa ule chini ya taa kwa muda mrefu. Aliuliza swali moja tu, kama tulilipa, na nilipomjibu kwamba hatukulipa alisema basi tumeharibiwa mali kwa bei nzuri, akaenda nyuma ya rafu, nikamsikia akicheka peke yake mpaka wakati wa kufunga duka. Yule wa Thessaloniki nilimpelekea picha kwa simu, akanijibu kwamba tamko limemridhisha kabisa, kwamba hajawahi kuona uthibitisho mzito namna ile, na kwamba sasa hana shaka hata chembe juu ya saini. Tatizo lake ni kwamba haionekani. Akaniomba nimtafutie nakala nyingine safi yenye saini, niitolee tamko kama lile, ila muhuri usiguse jarida.

Mambo yangeishia hapo kama Mjomba angejua kunyamaza. Alisimulia kisa hicho Kypseli nzima, na kutoka Kypseli kikashuka hadi Monastiraki, na njiani kikabadilika, kikafika kwa wakusanyaji kwamba yuko Mwafrika mmoja mwenye kibali cha serikali cha kuthibitisha saini za waandishi wa Exarcheia. Wakaanza kuja ghalani. Mmoja alileta kitabu cha mashairi chenye saini iliyotiwa kwa kalamu ya aina ambayo, kwa maelezo ya bosi wangu, ilianza kuuzwa madukani mshairi akiwa amekwisha kuzikwa. Mwingine alileta leso. Niliwaambia wote kwamba sina kibali chochote isipokuwa cha ukaazi, lakini Mjomba, aliyekuwa amejiwekea kiti mlangoni, alikuwa akiwapokea, akiwauliza shida yao na kuwapangia siku, na malipo yake yalikuwa kahawa.

Nakala safi ilipatikana, kwa mjane mmoja wa Exarcheia aliyekuwa akiitumia kuegemezea dirisha lisigonge, na saini ilikuwa ndogo, pembeni, ya kalamu ya risasi. Nikaiweka ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko nikauweka kati ya mbao mbili, nikazifunga mbao kwa kamba, nikarudi ofisini nikiwa na tamko ambalo nilikuwa nimekwisha kuliandika nyumbani, nimebakiza kutia saini tu, ili jarida lisilazimike hata kutoka mfukoni. Sikuwa nimebonyeza hata kitufe cha kutolea namba wakati karani wa kwanza aliponiona, akaweka stepla yake juu ya meza na kuniuliza kwa sauti iliyowageuza watu wote wa foleni kama leo marehemu amekuja mwenyewe.

Mjomba, aliyekuwa nyuma yangu na koti lake la ofisini, akamjibu kwamba yuko nje, anatafuta mahali pa kuegesha gari.