Pijo Langu na Waganga Wake

Pijo langu ni Peugeot 504 jeupe, rika langu kabisa, na ugonjwa wake ulikuwa na adabu: haukuja mpaka tuwe mbali na nyumbani. Asubuhi linawaka mara moja, tunatoka Kasarani tukiringa. Tukifika Muthaiga linaanza kumisi, injini inakatakata. Nikisimama kwenye foleni linatikisika hadi sijioni kwenye kioo. Halafu kimya.

Thika Road haina huruma na marehemu. Kondakta mmoja alipita akining'inia mlangoni akanipigia saluti: "Pole, mzee! Mazishi lini?" Na mimi ndiye niliyezoea kuwaambia watu kwamba ndugu za gari hili walishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978.

Ajabu ni kwamba baada ya dakika 20 hivi liliwaka tena. Hapo ndipo waganga walipojipatia sifa, maana yeyote aliyeligusa katika dakika hizo alikuwa ameliponya. Wa kwanza alipangusa plagi kwa shati lake. Likawaka, nikamlipa. Wa pili alisema koili imepata joto, akaimwagia maji yangu ya kunywa. Likawaka, nikamlipa. Wa tatu alikuwa muuza njugu. Aligonga kabureta mara tatu kwa spana, likawaka, nikanunua na njugu.

Fundi wangu wa Grogan (kwenye ramani ni Kirinyaga Road, lakini sijasikia mtu mwenye oili mikononi akiiita hivyo) alibadilisha pointi, kondensa na plagi zote nne. Akaosha jeti za kabureta, akakagua mipira yote asione inayovuta hewa. "Mzee, sasa hili unaenda nalo Mombasa." Nilienda nalo hadi Pangani.

Mimi pia nilifanya utafiti wangu. Niligundua kwamba kila nikijaza mafuta kwenye kituo fulani cha Ngara, gari linatulia nusu saa nzima. Nikatangazia majirani kuwa pale ndipo penye petroli safi. Jirani mmoja mpaka leo huendesha kutoka Kasarani kwenda kujaza huko. Sijapata nafasi ya kuzungumza naye.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Kitui. Nilimpokea Machakos Country Bus, stendi ya mabasi hapa Nairobi, akiwa na gunia la maembe na kuku wawili. Tulipofika Survey, kwenye ile ile Thika Road, Pijo likatetemeka, likazima. Mwenye pikipiki aliyesimama kutusaidia akasema petroli ina maji, tufungue tangi anuse.

Nikatoa ufunguo kwa fahari. Kifuniko kile nilikuwa nimekinunua Grogan baada ya watu kuninyonyea petroli usiku kwa mpira. Kina kufuli na raba nene, hata harufu haitoki. Nikakizungusha.

Fyuuuuuu!

Hata kuku walinyamaza.

"Baba Mwende, hiyo hewa inatoka au inaingia?" akauliza mama. Kwa adabu za ukwe hatutazamani sana usoni, kwa hiyo maswali yote aliyaelekeza kwa kuku.

Nikafunga kidogo, nikafungua tena huku nimeweka kiganja. "Inaingia, mama."

Mama ameuza mafuta ya kupika kwa kibaba miaka 30. "Debe ukilitoboa tundu moja," akamweleza jogoo, "mafuta yanatoka kidogo, linashikwa na kwikwi, halafu linakataa. Mpaka utoboe la pili lipumue. Sasa hili tangi linapumulia wapi?"

Kifuniko cha zamani kilikuwa na katundu. Nilidhani ni kutu, nikakitupa. Kumbe pampu ilikuwa ikivuta petroli huku na tangi lisilopata hewa likiing'ang'ania kule, hadi kabureta inabaki kavu. Gari likipumzika, hewa inajipenyeza polepole, mganga wa zamu anapata jina. Na kule Ngara dawa haikuwa petroli, ilikuwa kufunguliwa kifuniko.

Nikakirudisha bila kukikaza. Likawaka papo hapo.

"Mzee," akasema mwenye pikipiki, "ni mimi niliyesema tufungue tangi."

Nikamlipa.

Tulipopita Roysambu injini ikiwa imetulia kama maji ya mtungini, mama akawauliza kuku: "Na wale wengine, aliwapa shilingi ngapi kwa jumla?"

Nikanyoosha mkono kuwasha redio. Redio ya Pijo hili haijawahi kufanya kazi tangu nilinunue.