Kisamvu sio mchicha jamani

Hizi video za kisamvu cha dakika 15 zimezidi. Mtu anachukua majani ya muhogo, anayakatakata kwa kisu, anayatupia kwenye mafuta yenye kitunguu, anamwagia tui la kopo, akionja anafumba macho eti kitamu. Mi sina ugomvi na mapishi ya haraka, mchicha na matembele ukivikalisha sana motoni ndo unaviharibu, ila kisamvu ni habari nyingine na wala sizungumzii mambo ya mila hapa, nazungumzia sumu.

Majani ya muhogo yana kitu kinaitwa linamarini. Jani likiwa zima limetulia halina neno, ila likipondwa ile linamarini inakutana na kimeng'enya (enzaimu, kitu kinachoivunjavunja) ambacho kiko humohumo kwenye jani, hapo ndo sianidi, sumu yenyewe, inaanza kutoka. Bahati nzuri yenyewe inaruka kirahisi mno, inachemka kwenye nyuzi joto 26 tu, yani joto la Dar mwezi wa pili peke yake linaisumbua. Kwahiyo kutwanga hakukuwa kujichosha, unapasua jani ili sumu itoke halafu unachemsha sufuria likiwa wazi inaondoka na mvuke. Sasa huyu wa kisu na mafuta ya moto anakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini yenyewe haijali moto sana, inabaki mle ndani anakula na wali wake.

Sitaki kutisha watu, ila hata sahani moja ya kisamvu kibichibichi inaweza kukuachia kichwa kuuma au tumbo kuvurugika. Ule ugonjwa wa konzo wa kupooza miguu unaosikika Congo, na huku kwetu uliwahi kutokea miaka ya 80, unaletwa na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, watu wanaila kila siku wakati wa njaa bila nyama wala maharage pembeni. Ila mtu anayefundisha wengine kupika si aseme basi angalau kwamba kinatwangwa!

Na najua kwanini watu wanakimbilia njia fupi, ni gesi. Kisamvu kinataka saa nzima motoni au zaidi, ukiwa na kale kamtungi kadogo unaona kabisa hela inavyoungua, mkaa nao sio wa kuchezea siku hizi. Hapo nawaelewa. Dawa yake ni kuchemsha kingi kwa mpigo, unakiacha kipoe, unagawa kwenye vifuko unaweka friza, siku ukitaka unaunga tu. Presha kuka nayo inasaidia sana, ila anza na dakika kama kumi mfuniko ukiwa pembeni, mvuke utoke, ndo ufunge. Na blenda sio dhambi, wanaosema kisamvu cha blenda sio kisamvu wanatuonea sisi wa nyumba za kupanga ambao ukitwanga tu jirani wa chini anagonga mlango. Weka maji kidogo, saga kwa kushtua shtua, usikigeuze uji. Sokoni pia wanauza kilichotwangwa tayari, nunua asubuhi maana kikishinda juani kinachacha.

Magadi sasa. Hapa sikubaliani kabisa na nusu ya ukoo wangu. Kweli yanalainisha haraka na rangi inabaki kijani kizuri cha kupigia picha, ila magadi yanaua vitamini C na baadhi ya zile za kundi B, na ladha inakuja kama sabuni kwa mbali. Kisamvu kikichemka muda wake kinalainika chenyewe, rangi inakuwa kijani cha giza na hivyo ndo kinatakiwa kiwe.

Kikishaiva maji yakakaribia kukauka kazi imeisha, kilichobaki ni kuunga. Kitunguu, nyanya moja, nyanya chungu mbili tatu kama zipo, tui jepesi linatangulia linachemka nacho mpaka vinashikana, tui zito mwisho kabisa moto mdogo huku unakoroga lisikatike, chumvi hapohapo. Ukitaka kunde chemsha pembeni kwanza. Ukitaka karanga basi acha nazi, maana vyote viwili kwenye sufuria moja ni mafuta juu ya mafuta na kisamvu chenyewe hukisikii tena. Najua kuna mikoa wanachanganya na watanirushia mawe, sawa tu. Ila zile vidonge vya mchuzi, binzari, tangawizi na sijui masala ya pilau ndani ya kisamvu, hapana. Kina uchungu fulani mdogo na harufu yake, ndo unachokula hicho, ukikifunika na masala si bora upike mchuzi wa maji tu uendelee na maisha yako.

Kuna na kile cha mpira, ule mti ulioletwa enzi za Wajerumani kwa ajili ya mashamba ya mpira, mpira wenyewe ukalala sisi tukabaki tunakula majani. Wapo wanaoapa ni kitamu kuliko cha muhogo wenyewe na mimi nakaribia kukubali. Sumu ni ileile, kwahiyo kinu ni kilekile.

Walioko Ulaya na Marekani najua mnakipata cha kugandisha kwenye maduka ya Waafrika, tafuteni pakiti imeandikwa pondu, saka-saka au isombe, ndo hichohicho, wenzetu wa Congo, Rwanda na Burundi wanakipenda kutushinda. Wao wanakiunga na mawese na kwa kweli kinakubali, tena na samaki mkavu ndo usiseme. Ila someni pakiti vizuri, nyingi ni majani yaliyotwangwa tu hayajapikwa, kuyeyuka kwenye maikrowevu sio kuiva. Yachemsheni muda wake kama mbichi, na dirisha la jiko liwe wazi.