Huku wanafikiria mgongo wa anayelea mzazi

Kila nikipiga simu Tanga naulizwa mambo mawili: mtoto anacheza? Unakula? Nikijibu ndiyo yote mawili, mama anashusha pumzi, kisha tunaendelea na habari za misiba na harusi. Mimba yangu imeingia mwezi wa sita. Kichefuchefu kimekwisha, usingizi umerudi, na tumbo halijawa zito kiasi cha kunishinda ngazi. Hii ndiyo miezi ambayo mwanamke ana nguvu za kupanga mambo. Mtoto wa kwanza nilimbeba na kumzaa Tanga, huyu namtarajia hapa Rotterdam, Uholanzi, kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Wenzetu wengi tunaoishi nao Ulaya hulinganisha haraka mno. Ama huku ni peponi na kwetu ni balaa, ama huku ni upweke mtupu na kwetu kuna watu. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Nianze na kliniki. Tanga nilikuwa nawahi benchi saa moja asubuhi, kadi mkononi, na aliyekuja na mume aliitwa kwanza. Ukishaingia muhula wa pili unapewa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, na unavimeza palepale nesi akikutazama. Kuna dawa ya minyoo, vidonge vya kuongeza damu, sindano ya pepopunda, chandarua. Hapa sikupewa hata kimoja kati ya hivyo, na shangazi aliposikia akauliza kama kweli nimekwenda kliniki. Nikamwambia, shangazi, huku hakuna malaria. Kwetu SP inatolewa kwa sababu malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akazaliwa na uzito mdogo hata kama mama hakusikia homa siku moja. Hapa nimeambiwa nimeze vitamini D, maikrogramu 10 kila siku, maana jua ni la kuvizia na ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kuitengeneza. Tangu wiki ya 22 kuna pia chanjo ya kifaduro, mama anachanjwa ili mtoto azaliwe na kinga.

Kila nchi inamkinga mama na adui aliye jirani. Anayesema kliniki za kwetu hazina maana simwelewi kabisa. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Kuna watu wamefanya kazi hapo, wakiwemo wakunga wa zahanati za vijijini ambao hakuna anayewataja.

Kinachoniuma kuhusu kliniki ya kwetu ni kutoelezwa. Panda kitandani, shuka, rudi tarehe fulani. Unaondoka na kadi imejaa namba na vifupisho, hujui hata kimoja kinasema nini juu ya mwili wako mwenyewe. Hapa mjamzito asiye na tatizo hahitaji daktari, mkunga ndiye wake mwanzo hadi mwisho. Kabla ya ultrasaundi ya wiki ya 20 mkunga alitukalisha, mimi na mume wangu, akatueleza wanatafuta nini, kitu gani hakiwezi kuonekana kwenye picha, tutaulizwa nini wakikuta kasoro, na kwamba tuna haki ya kuikataa picha yenyewe. Mume wangu alibaki kuduwaa kwa kuulizwa anaonaje. Kwetu wengi huenda kupiga ultrasaundi wakitaka kujua ni wa kike au wa kiume, wanajibiwa hilo tu, wanarudi nyumbani.

Najua nesi wa kwetu ana foleni inayofika getini. Lakini foleni hiyohiyo imekaa kwenye benchi moja, inasubiri, inapiga soga. Mtu akisimama mbele yao dakika kumi akawaeleza presha inapimwa ya nini, SP ya nini, dalili zipi ukiziona usingoje tarehe ya kadi (damu, kichwa kuuma kusikoisha, macho kuona kiza, mtoto kuacha kucheza), hakutumii mashine wala bajeti. Kuna manesi wanaofanya hivyo kwa moyo wao, Mungu awalipe. Ningependa iwe desturi ya kila kliniki.

Kwenye chakula tumebishana sana, mimi na nyumbani. Kwetu mjamzito anasukumiwa maini ili aongeze damu. Hapa maini ndiyo ya kwanza kukatazwa, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi kula mchicha na kunde. Lakini kula." Tukaishia hapo, kwa amani.

Udongo ni habari nyingine. Ule wa kula, tunaouita pemba, nimeukuta hapahapa mjini kwenye duka la Waafrika, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni, uko kwenye rafu pamoja na unga wa muhogo na mawese. Harufu yake ya mvua ya kwanza iliniingia mpaka kwenye meno. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Uholanzi imekwisha onya kuhusu udongo wa namna hii, kwamba ulipopimwa ulikutwa na madini ya risasi na aseniki, na risasi humfikia mtoto na kuathiri ubongo unaokua. Tena udongo unazuia mwili kufyonza madini ya chuma, kwa hiyo yule mwenye hamu nao kwa sababu damu imepungua anazidi kuipunguza. Ndugu zangu, hili si la wazungu kutudharau. Hamu ya udongo ni kweli, haimfanyi mwanamke kuwa mshamba, na ikikushika mwambie mkunga akupime damu. Wenye maduka nao wangefanya wema kuuondoa kwenye rafu.

Kuhusu kununua vitu, kwetu hununui mapema. Unaogopa jicho, unaogopa kujihesabia neema kabla haijafika, na bibi huanza kimyakimya kukusanya khanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Hapa unapewa orodha: vipima joto, chupa za maji moto za kumtia mtoto joto, pedi za uzazi, nguo saizi hii na hii, na kila kitu kiwe ndani ifikapo wiki ya 37. Nimefuata orodha, na khanga kuukuu nimeletewa vilevile. Sioni ugomvi.

Lililonifanya niandike hasa ni kraamzorg. Uholanzi mwanamke akijifungua, mlezi wa uzazi aliyesomea kazi hiyo anakuja nyumbani. Anatazama kidonda, anapima joto, anampima mtoto uzito, anafundisha kunyonyesha, anasafisha choo na bafu, anamwangalia na mtoto mkubwa. Kawaida ni kama saa 49 zilizogawanywa kwa siku nane hivi, zikipungua mno 24, zikizidi 80. Wewe unachangia zaidi ya euro 5 kwa saa, nyingine inalipa bima. Walezi ni wachache, kwa hiyo ukifika miezi hii ya kati uwe umekwisha jiandikisha.

Ndani ya mipango hiyo kuna sharti la kitanda. Kiwe na kimo cha sentimita 80 hivi. Chetu kilikuwa kifupi, mume wangu akaenda kukodi vigogo vya kuinulia miguu ya kitanda, vinne, vizito, vimekaa nyuma ya mlango vikingoja. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Kumbe ni kwa ajili ya mgongo wa mlezi, asiinamishwe siku nzima. Kitanda kikiwa chini ana haki ya kukataa kumhudumia mzazi pale.

Nilimfikiria mama. Nilipojifungua Tanga alinilea arobaini nzima. Alichemsha maji na kunikanda, akanifunga tumbo kwa mkaja, akanipikia uji wa pilipili manga. Asubuhi alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, mtoto akalazwa juu ya miundi yake na kuogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, akisuguliwa na kunyooshwa viungo. Genge lake la vitumbua lilifungwa siku zote hizo. Sijaona nyumba kwetu ambako mtu humuuliza bibi mgongo wake ukoje, nani atamchotea maji, biashara yake itashikwa na nani. Tunasema kwa fahari kwamba kwetu kuna watu. Wapo, na ni wanawake walewale, wamechoka, na tunahesabu kazi yao kama hewa.

Huyo mlezi wa hapa naye hatanikanda. Hana uji, na saa zikiisha zimeisha, anavaa koti na mlango unafungwa. Baada ya hapo ni mimi, mtoto, na mvua. Tulimwombea mama viza aje, ikakataliwa. Hata ingetoka, ya Schengen ni siku 90 basi. Arobaini haina mbadala katika nchi hii, na nitakayemkosa mwezi huo hataletwa na bima yoyote.

Likizo nitaitaja kwa ufupi. Huku mama ana wiki 16, na baba ana wiki moja ya mshahara kamili kisha wiki tano anazoweza kuchukua kwa asilimia 70. Sheria ya kazi Tanzania inampa mama siku 84 na baba tatu. Siku tatu baba bado anatafuta nauli ya kumtoa mkewe hospitali.

Mdogo wangu ana mimba changa Dar, na mama ameshaanza kusema atakwenda kumlea. Nimempigia simu shemeji, si mdogo wangu. Nimemwambia miezi ya kati ikifika, mke akiwa na nguvu, wakae wapange: apatikane binti wa kulipwa wa kuchota maji na kufua, genge la mama litafutiwe mtu, na fundi seremala ainue kitanda na atengeneze meza ya kuogeshea mtoto inayomfikia mama kiunoni. Mama amesema meza hataki, miguu yake inatosha. Kitanda amekubali.