Baiskeli ya makala ilivyozima gari langu la umeme

Kama hujawahi kuona baiskeli ya makala, yaani makaa ya kupikia, ikiingia Lubumbashi alfajiri kwa barabara ya Kasenga, nikueleze kidogo. Magunia matatu au manne yamepangwa na kufungwa kwa kamba za mpira, na nyuma yake kuna kijana anayesukuma bila kuona mbele. Hapandi. Anasukuma tu, tangu porini. Breki zake ni kandambili. Kila mwenye gari mjini anaijua sheria: ukiona makala, wewe ndiye unayepisha.

Nami nilipisha. Nilisimama kabisa, pembeni, karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, mkono ukiwa umeshika mkoba wa famasi yangu. Shida ni kwamba gari langu likisimama halitoi hata mguno. Kijana alitega sikio, akasikia kimya, akaamini kuwa njia ni nyeupe. Gunia la mbele likaligonga gari katikati ya pua.

Hakuna aliyeumia. Nilishuka na spiriti na bandeji mkononi, lakini kijana alikuwa ameshainama anaokota makala yake. Alipomaliza ndipo akanigeukia.

"Mama, pole. Motokari ilikuzimikia?"

"Iko nawaka," nikamwambia.

"Iko nawaka? Na makelele iko wapi?"

Akaniangalia kwa ile huruma tunayowapa wagonjwa wanaosema hawaumwi popote. Kisha akanisaidia kusukuma gari ambalo halikuhitaji kusukumwa.

Niseme nilivyolipata. Ni gari dogo la Kijapani, mtumba, usukani upande wa kulia. Lilishuka melini Dar es Salaam, likapanda hadi Tunduma, likakata Zambia nzima, likaingia kwetu Congo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Nililitaka kwa sababu nilichoka kupanga foleni ya esansi, yaani petroli, kila inapoadimika. Kioo chake kidogo cha maandishi kilicho mbele ya dereva kinaongea Kijapani tu. Kila asubuhi kinaniambia maneno kwa sauti ya heshima sana, na mume wangu anashikilia kuwa ni yeye anayesalimiwa.

Jirani yetu, mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi chini ya lile bomba refu la kiwanda cha shaba, ndiye aliyelipokea vizuri kuliko wote. Alilipapasa mlangoni akasema huyu ni mtoto wetu amerudi. Hakukosea sana. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka kwetu, kuanzia Kolwezi na kandokando yake. Inapita hapa mjini kwenye malori, inavuka Kasumbalesa kwenda bandarini, na sehemu kubwa inaishia China kusafishwa kabla ya kuingia kwenye betri. Malori yake huenda yalipishana barabarani na gari langu likija. Lakini siku ya ajali yule mzee alipoiona pua iliyobonyea, alitikisa kichwa. "Kuitoa ardhini tunajua," akasema. "Kuinyosha, hapana."

Kwa nini pua iwe shida? Kwa sababu tundu la kuchajia liko hapo hapo, chini ya boneti, nyuma ya kifuniko kidogo. Ingekuwa Corolla ya esansi, bonde la namna ile ungelipeleka kwa tolie, yaani fundi wa bodi, yeyote wa mtaa wa Katuba, ukampa dolari arobaini na chakula cha mchana, jioni unarudi na gari zima. Hata usipolipeleka, Corolla itakunywa esansi hata ikiwa na pua iliyopondeka. Langu lilikuwa limefungwa mdomo. Kifuniko kilijikunja ndani ya bampa kikagoma kufunguka, na betri ilikuwa na asilimia 31. Nikaendesha hadi nyumbani bila redio wala taa, eti nabana matumizi, mchana kweupe.

Tolie wetu alikuja kesho yake na vijana wake wawili na sumaku mfukoni. Hiyo sumaku ndiyo kipimo chake: ikishika vizuri, ni chuma, ikishika kwa uvivu, kuna mastiki chini ya rangi na muuzaji alikudanganya. Aliiweka kwenye boneti. Ikaanguka. Akaiweka tena. Ikaanguka, ikabingirika hadi kwenye mtaro, na kijana mmoja akatumwa kuifuata.

"Mama," akasema taratibu, "hii kapo si chuma. Balikuuzishia sufuria."

Nikampigia simu ya video mpwa wangu aliye Liège, Ubelgiji, ambaye anafanya kazi kwenye garaji la huko, nikamkabidhi tolie simu. Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo mwenye famasi hana haja nayo. Chuma kikipashwa moto kinakuonya: kinakuwa chekundu, kisha cha machungwa, na hakiyeyuki hadi karibu nyuzi 1,500. Alumini haikuonyi. Rangi yake ni ile ile, na ikifika nyuzi 660 hivi inaondoka bila kuaga. Ukiigonga kwa nyundo ile ile iliyogonga chuma asubuhi, vumbi la chuma linabaki juu yake na baadaye linaanza kuila. Kule kwao, alisema mpwa, wana chumba cha peke yake cha alumini, na vifaa vya peke yake.

"Na sisi tuko nacho," tolie akajibu, akaonyesha upande wa pili wa mwembe.

Kisha mpwa akafika kwenye nyaya. Alisema ukiona waya wa rangi ya machungwa usiuguse, kwani unabeba volti zaidi ya 300, na betri yenyewe iko chini ya sakafu, karibu kilo 300. Usichomelee popote kabla hujakata umeme mdogo wa betri ya kawaida na ule mkubwa pia, na ukishaukata, ngoja kwanza, kwa sababu kuna umeme unaobaki ndani hata baada ya kukatwa. Vijana wa tolie walikuwa wanasikiliza wakiwa wamechuchumaa kando ya tairi. Nilipogeuka, mmoja alikuwa ukutani kwa jirani. Mwingine alirudi baadaye amevaa buti za mvua na glavu za mwenzangu wa kazi pale famasi, zile za kuoshea chupa.

"Mi nanyoloshaka chuma, mama," tolie akasema. "Kufufua bantu balishakufa, hapana."

Hata hivyo akataja bei: dolari 60. Nilikuwa tayari kukubali. Ndipo mpwa wangu, Mungu amsamehe, akaamua kunifariji.

"Shangazi, wewe una bahati," akasema, sauti ikitoka kwenye spika mbele ya watu wote. Akasimulia habari ya Marekani mwaka 2023: gari la umeme la mizigo, Rivian R1T, liligongwa kidogo tu nyuma, na hesabu ya fundi ikaja dolari 42,000. Sababu yake ni kwamba ubavu wa gari lile ni bati moja lisilo na kiungo, kutoka mkiani linapita chini ya paa hadi kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Ukitaka kunyoosha nyuma, unang'oa dari, unang'oa vioo, unapaka rangi upande mzima.

Kimya kikatanda uani. Tolie alirudisha simu yangu kwa mikono miwili. Akalizunguka gari upya, safari hii polepole, akiinama, akinusa. Akatoa kalamu sikioni.

"Mama, nilikuwa sijaona vizuri. Ni dolari 600."

Nilikata simu ya mpwa bila kuaga.

Kwa hiyo nikakimbilia bima. Wakamtuma mkaguzi, kijana nadhifu, shati jeupe, fomu kwenye ubao. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya mafuta: esansi, mazutu (dizeli). Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu, akafikiri, akatia alama kwenye mazutu kwa sababu, alisema, magari ya ajabu kwa kawaida ni ya mazutu. Kisanduku cha ujazo wa injini akakichora mstari. Kisha akalala chini juu ya gazeti, akakagua kuanzia mbele hadi nyuma, na nikaona viatu vyake vimesimama kucheza. Alitoka chini uso umebadilika.

"Mama, kuna jambo. Bomba la moshi walishaliiba."

Nikamwambia halijawahi kuwapo. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika, maana wezi wa hapa mjini wanalikata usiku mwenye gari amelala. Nikamwambia gari la umeme halitoi moshi, litatolea nini? Akaandika. Nilisoma juu chini: "Bomba la moshi: halipo. Mwenye gari hakugundua."

Wiki zikapita. Betri nayo ilikuwa inashuka taratibu, maana watoto wa mtaa walijua kuwa umeme ukikatika, gari la Mama Famasi linachaji simu. Lilipobaki na asilimia 4 nilikata shauri: liende Katuba, kwenye kijiwe cha tolie, 600 au si 600. Nikataka livutwe kwa kamba. Mpwa, ambaye nilikuwa nimeanza kumsamehe, akapiga kelele kutoka Liège: usilivute magurudumu ya mbele yakiwa chini, ile mota ikizungushwa inazalisha umeme yenyewe! Libebwe.

Lori pekee lililokuwa tupu jioni ile ni Fuso lililotoka kushusha makala. Na nani alikuwa juu yake? Kijana wangu wa baiskeli. Alifurahi kuniona. Aliita wenzake, wakalipandisha gari kwa mbao, na yeye akakaa kwenye boneti njia nzima ili lisiteleze, jambo ambalo kwa bonde la boneti halikusaidia. Lilitoka mtaani kwetu jeupe, likafika Katuba jeusi hadi vioo.

Yule mzee jirani ndiye aliyeokoa mfuko wangu. Alikuja Katuba, akakaa kwenye kiti cha tolie bila kukaribishwa, akasema alumini anaijua, aliiona kiwandani miaka yote, na bei ni dolari 140 au yeye mwenyewe ataifanya na kila mtu atajua ni nani aliyeshindwa. Bonde la boneti lilinyoshwa kwa nyundo ya mbao, bila moto. Kifuniko kilikatwa kwa msumeno mdogo, na chini yake tundu la kuchajia likakutwa zima kabisa. Kifuniko kipya kilitengenezwa kwa sufuria iliyotoboka, halisi, ya mama mmoja anayeuza bukari (ugali) hapo jirani, kikapigwa bawaba mbili na kufuli dogo. Rangi ilikauka juani. Kwenye magaraji ya Ulaya wanaikausha ndani ya tanuri, na wakiwa na gari la umeme inawabidi wachunge joto lisiharibu betri. Katuba hatuna tanuri, kwa hiyo hatukuwa na la kuchunga. Rangi yenyewe si nyeupe ile ile, lakini mimi nikiwa ndani siioni.

Nilikuwa nalipa nusu ya mwisho pale pale kijiweni simu ilipoita. Ni bima. Sauti ya furaha: faili langu limepita! Sio lote. Bampa hawalipi, kwa sababu gari la aina hiyo halimo kwenye orodha yao ya bei. Kifuniko cha kuchajia hawakijui ni nini. Lakini kitu kimoja kimo kwenye orodha, kina bei, kimekubaliwa asilimia mia, na kwa kuwa hawatoi pesa mkononi, wamekwisha kukituma kwa fundi wangu.

Nikageuka. Pikipiki ilikuwa inaondoka, na tolie amesimama katikati ya vijana wake, amekumbatia bomba la moshi jipya linalong'aa, refu kuliko yeye. Alilitazama. Akalitazama gari. Akachutama akachungulia chini, akainuka.

"Mama, tunaiweka fasi gani?"