Changu wa babu hawakwenda mnadani

Asanteni kwa habari mliyoandika ya mafundi wa vyombo vya baharini wa Nungwi, Unguja. Picha ile ya mzee anapiga kalfati, anaziba nyufa za mbao kwa pamba, imenitoa machozi. Babu yangu hakuwa fundi, mvuvi tu, lakini ngalawa yake aliitunza kama mtoto. Ilichongwa kwa gogo la mwembe. Kila baada ya muda aliipandisha mchangani wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, akaikwangua tumbo, akaipaka deheni. Sisi wajukuu kazi yetu kuikoroga hiyo deheni, chokaa na mafuta ya papa. Harufu ile, jamani! Siku tatu haitoki mikononi, bibi hataki tuguse hata sahani.

Akitoka kutegua madema, mitego yake ya samaki, haendi sokoni kwanza. Changu wazuri anawatenga: fungu la bibi, fungu la shangazi aliyefiwa na mumewe, fungu la jirani. Mnadani kinakwenda kilichobaki. Bibi alinung'unika weee, wapi! Bahari ikichafuka kwa upepo wa kusi, Juni na Julai, alishinda barazani akitia viraka tanga, wajukuu tumemzunguka, na kila mara anainua macho kutazama bahari.

Ila mwandishi nimrekebishe kidogo: ngalawa si "jahazi dogo". Ngalawa ni gogo lililochongwa, ina matengo, yaani mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, moja kila upande. Jahazi linaundwa kwa mbao na halina matengo. Babu angemkalisha chini saa nzima.

Mungu amrehemu. Tengo moja bado liko uani kwetu, kuku wanalala juu yake.