Mizani Kwanza, Hadithi Baadaye

Mwezi uliopita binamu yangu aliyeko Maskati alinitumia picha tatu za sarafu ya dhahabu. Tembo kanyanyua mkonga, nyuma yake milima, kisha mwaka 1916 na kiherufi T. "Kaka, mnada unafungwa saa nne usiku. Muuzaji anasema babu yake aliipata kwa askari aliyekuwa Tabora wakati wa vita. Niongeze dau?"

Nikamuuliza: ina gramu ngapi? Hakujua. Muuzaji alikuwa ameandika aya nne kuhusu babu yake, lakini uzito hakuuandika popote.

Sarafu hiyo ya rupia 15 naijua na naipenda. Ilizaliwa kwa dhiki, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakiwa bado wanatawala Tanzania Bara ya leo. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha mpya hazikuweza kuja kutoka Berlin, ndipo Wajerumani wakafua zao katika karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, huko ambako leo ni mkoa wa Singida. Zilitoka elfu kumi na sita na kitu tu. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini na kazi ikaishia hapo. Kwa hiyo mghushi hana haja ya kutunga kisa. Kisa kipo tayari, ni cha kweli, na ni chetu. Yeye anatengeneza kipande cha chuma cha kukibeba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wengi ninaozungumza nao. Wao husema mnunuzi hudanganywa na picha. Mimi naamini picha ni msaidizi tu. Kinachotufanya tuongeze dau ni hadithi. Ukisikia Tabora, Bagamoyo, sanduku la bibi, ukuta uliobomolewa Mji Mkongwe, moyo umeshanunua kabla macho hayajaangalia. Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mnadani, mtandaoni, rupia mbili ya mwaka 1893, yenye Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, aliyevaa kofia ya chuma. Ni sarafu adimu sana. Niliambiwa ilikutwa ndani ya ukuta wa nyumba ya zamani Bagamoyo, nami nikajiona nairudisha nyumbani. Ilipofika niliipeleka kwa mzee mmoja sonara. Aliiweka kwenye mizani yake ndogo: gramu 19.6. Rupia moja ya Wajerumani ilikuwa na uzito ule ule wa rupia ya India, gramu 11.66, kwa hiyo ya rupia mbili inatakiwa iwe 23.32. Mzee hakusema kitu. Akaweka kikombe cha maji juu ya mizani, akaisoma upya kuanzia sifuri, akaifunga sarafu kwa uzi na kuining'iniza majini bila kugusa chini. Mizani ikaonyesha 2.3. Gawanya 19.6 kwa 2.3, unapata kama 8.5, yaani chuma hicho ni kizito mara 8.5 kuliko maji ya ujazo ule ule. Madini ya fedha ya kiwango cha rupia hizo hukaribia 10.3. Nane na nusu ni shaba ya manjano. "Mwanangu," akasema, "hii imechovywa tu."

Kipimo hicho hakihitaji maabara. Mizani ya kusoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, kikombe, uzi, basi. Kwa rupia ya Tabora hesabu ni rahisi hata zaidi: halali ina gramu 7.17 hivi, dhahabu robo tatu. Ya shaba ya manjano yenye upana na unene ule ule haifiki hata gramu tano. Sumaku nayo ina kazi yake, maana fedha na dhahabu hazivutwi, ila shaba pia haivutwi, kwa hiyo kimya cha sumaku hakithibitishi lolote.

Lakini uzito sahihi nao hautoshi. Wakusanyaji hulipa kwa rupia 15 halali mara kadhaa ya bei ya dhahabu iliyomo, kwa hiyo mghushi anaweza kutumia dhahabu ya kweli na bado akapata faida. Hapo picha ndipo zinapokuwa na maana. Tafuta minada mingine ya sarafu hiyo hiyo, uziweke picha pamoja. Ukikuta mkwaruzo ule ule, mahali pale pale, kwenye sarafu mbili tofauti, ujue angalau moja imetoka kwenye kalibu au muhuri ulionakiliwa. Mkwaruzo wa mfukoni haujirudii. Tazama pia vitobo vidogo vya hewa kwenye sehemu tambarare, na mstari wa kuungia kwenye ukingo. Hizo ni alama za kuyeyusha na kumimina. Ila usiihukumu kazi ya Tabora kwa kugongwa vibaya. Heller 20, sarafu za chenji za rupia zilizofuliwa hapo hapo mwaka ule, zilifuliwa kwa haraka, na nyingi hazikugongwa sawasawa tangu siku ya kwanza.

Kuna uongo wa aina nyingine ambao hauna hata sarafu bandia ndani yake. Reale ya Shamu, ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, imeandikwa 1780 hata kama ilifuliwa karne ya 20, kwa sababu iliendelea kufuliwa kwa tarehe ile ile katika miji mingi, London na Bombay ikiwemo. Ni sarafu ya fedha ya kweli, gramu 28.07. Anayekuuzia kwa maneno kwamba imekaa baharini tangu karne ya 18 hakughushi chuma, ameghushi umri. Bei unayolipia hapo ni ya hadithi.

Makasha ya plastiki ya PCGS na NGC, kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifungia humo, yanasaidia, mradi usiishie kuyatazama. Yanaghushiwa nayo. Ingiza namba iliyo kwenye kasha katika tovuti ya kampuni yenyewe, kisha linganisha picha yao na ya muuzaji, mkwaruzo kwa mkwaruzo, kwani namba halali huweza kubandikwa kwenye kasha la uongo.

Marekani ina sheria tangu 1973 inayodai sarafu za kuigiza ziandikwe COPY. Naona waendesha minada wangeweza kwenda mbali zaidi kwa jambo dogo: sarafu ya fedha au dhahabu isipandishwe mnadani bila picha yake ikiwa juu ya mizani. Mwenye mali halali hapotezi kitu.

Binamu alimwandikia muuzaji kuomba uzito. Alijibiwa kwa aya nyingine kuhusu babu. Hakuongeza dau.

Rupia yangu ya 1893 bado ninayo kabatini. Nilimwomba yule sonara aichonge neno BANDIA upande wa Kaiser, kwa kina, lisifutike. Wajukuu wangu watakapoikuta watasema ilikuwa ya babu yao, na watakuwa wanasema kweli.